Amekanyaga Waya

Mwanangu mdogo akishikwa na kikohozi, mume wangu hununua ile dawa tamu ya maji inayouzwa na kikombe kidogo cha plastiki, kimevalishwa juu ya kifuniko. Mimi hukitoa kile kikombe na kukitupa kabla hata sijaifungua chupa, kisha natafuta kijiko. Mume wangu huuliza kwa nini natupa kipimo kizuri kilichotengenezwa na watu waliosoma. Namjibu kwamba mama yangu alinilea kwa kijiko na sikufa. Ukweli ni kwamba nikikiona kile kikombe, na mistari yake ya kupimia pembeni, sitaki kiguse mdomo wa mwanangu. Harufu ya dawa hainisumbui. Ni kikombe chenyewe.

Kanisa tulilosali nilipokuwa mdogo lilijengwa kwa mawe, pale ambapo lami inaanza kupanda kuelekea Milimani. Watu wa Milimani walikuja kwa magari yao, wakayaegesha chini ya mijakaranda, wakakaa mabenchi ya mbele. Sisi wa mtaa wa Nyalenda tulikuja kwa miguu, viatu vikiwa mkononi kama mvua imenyesha, na tukakaa nyuma. Hakuna aliyetupangia. Lakini ungekaa mbele bila gari nje, ungetazamwa mpaka ujute. Kasisi alikuwa na makanisa mengi ya kuzungukia, kwa hiyo aliyetawala pale ni Mzee Barnaba, mzee wa kanisa, mtu wa suti ya kahawia na hanchifu nyeupe iliyopigwa pasi. Mahubiri yake yote, yaanzie Mwanzo au Ufunuo, yalifika kwenye usafi.

Auntie Rispa, mdogo wake Mama, alikuja kuishi nasi kutoka Usenge, kando ya ziwa, baada ya kumzika mumewe. Shemeji zake walikuwa wameifunga nyumba yake kwa kufuli yao, wakamwambia akatafute kwao. Alifika na gunia la omena, wale dagaa wa ziwani, na nguo kwenye mfuko wa nailoni. Nyumba yetu ilikuwa chumba na pazia, kwa hiyo nililala naye kitanda kimoja. Nilimpenda kuanzia wiki ya kwanza. Alikuwa na sauti nzito iliyotoka chini kabisa, na aliponisuka nywele hakuwa akivuta. Yeye na Mama waliuza omena sokoni, na harufu hiyo haikututoka hata siku ya ibada. Sheryl, rafiki yangu wa shule ya Jumapili, mtoto wa Milimani, aliwahi kuniambia nanuka samaki. Nikamwambia na yeye ananuka gari. Tukaendelea kucheza.

Kanisani kulikuwa na kikombe cha fedha cha meza ya Bwana, kikubwa, ambacho wakubwa wote walikinywea kwa zamu. Akina mama walipokezana kukiosha kila Jumamosi. Auntie alipopewa zamu yake nilikwenda naye. Alikisugua kwa jivu na kipande cha ndimu, akakigeuza kwenye mwanga, akakisugua tena, huku akiimba kwa Kijaluo. Akaniambia, "Achi, hii kikombe imeguswa na mdomo ya kila mtu. Ya tajiri, ya maskini, ya mwenye ako na meno na mwenye hana. Ndiyo maana inang'aa." Niliamini kabisa kwamba midomo ndiyo inayong'arisha fedha.

Kisha akaanza kukonda. Nguo zilimlegea mabegani, akawa anakohoa asubuhi, na siku nyingine Mama alikwenda sokoni peke yake. Jumamosi moja tulipofika kanisani na jivu letu ndani ya kopo, Mama Sheryl, aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama, alitusimamisha mlangoni. "Rispa, wewe pumzika kidogo," alisema kwa upole. "Kuna mwenye ataosha. Sisi tutakuombea." Hilo la kumnyang'anya mtu kazi kwa mkono mmoja na kumwombea kwa mkono wa pili linanitia kinyaa mpaka leo. Wakati ule niliona mama mwenye huruma, aliyevaa viatu vizuri.

Wiki hiyohiyo nilisikia wanawake wawili wakizungumza kwenye mfereji wa maji, wakidhani mtoto hana masikio. Mmoja alisema, "Dada ya Mama Achi amekanyaga waya." Mwenzake akapiga kofi moja dogo na kusema, "Nilijua tu. Na bwana yake alikufa vile vile."

Sasa mtu aliyekulia Nyalenda miaka ile atanielewa. Nyaya za stima zilipita chini chini juu ya mapaa yetu, nyingine za kuibia, zimefungwa kwa vitambaa. Muda mfupi kabla ya hapo waya mmoja ulikatika kwa upepo ukamwangukia mbuzi wa jirani, akafa amekakamaa, na aliyethubutu kuusogeza ule waya alitumia beseni la plastiki. Shuleni mwalimu alituambia chuma hupitisha stima na plastiki haipitishi. Kwa hiyo nilipoambiwa Auntie amekanyaga waya, nilielewa kila kitu mara moja. Mumewe alikuwa ameukanyaga akafa, na yeye akaukanyaga akapona nusu. Jioni alipoketi kizingitini kuosha miguu nilimwomba nyayo zake nizitazame.

"Unatafuta mwiba?" aliniuliza.

"Natafuta kidonda."

"Kidonda yangu haiko huko, nyathina," alisema, yaani mwanangu, akanirushia maji usoni tukacheka.

Haikupita muda, Mzee Barnaba alisimama kutangaza kwamba kanisa limepata maendeleo. Kikombe kimoja kwa watu wote, alisema, kilikuwa mambo ya zamani, na Mungu ni Mungu wa usafi. Mama Sheryl alikuwa ametuletea vikombe vidogo vya kioo kutoka Nairobi, pamoja na sinia lake lenye matundu. Watu wakapiga makofi. Kile cha fedha kikawekwa ndani ya kabati la kioo, kitazamwe. Sinia lilipoanza kuzungushwa, Mzee Barnaba akilishika mwenyewe, lilipita benchi baada ya benchi likimeta, na pembeni yake kulikuwa na kikombe kimoja tu cha plastiki, cha dawa ya kikohozi. Alipofika kwa Auntie aliligeuza sinia ili kona ile imwelekee. "Vioo vimepungua kimoja, mama," alinong'ona. Auntie alikichukua akanywa.

Vioo viliendelea kupungua kimoja kila meza ya Bwana. Nami nikaendelea kumpenda Mzee Barnaba. Nilimwona ni mzee mwenye akili aliyesoma sayansi: anajua mwili wa Auntie una stima, anajua kioo na fedha vinaweza kumshtua jirani yake, na bila kumwaibisha anampa plastiki, kusudi asimdhuru mtu. Nilitamani kumweleza Sheryl jinsi mzee wetu alivyo mwerevu. Hilo ndilo linalonichukiza kuliko yote, kwamba waliuchukua moyo mzuri wa mtoto wakaufanya uwashangilie.

Baada ya ibada vioo vilioshwa vikafutwa. Kile cha plastiki Mzee Barnaba alikibeba kwa ncha za vidole viwili, akazunguka nacho nyuma ya kanisa na kukitupa kwenye shimo la kuchomea majani. Nilimwona, kwa sababu huko nyuma ndiko mimi na Sheryl tulikocheza kalongolongo, ule mchezo wa kupika vyakula vya udongo. Kikombe kizuri namna ile, chenye namba, mtu anakitupaje? Tuliviokota, tukavipanga juu ya jiwe, tukapakulia uji wa matope. Sheryl alikuwa mama wa Milimani na mimi nilikuwa mgeni wake, au tulibadilishana.

Jambo moja tu lilinisumbua. Nililala na Auntie kila usiku, mgongo wangu kwenye tumbo lake, na sikuwahi kushtuliwa hata kidogo. Nilifikiri sana. Mwishowe nikakata shauri kwamba stima yake imekwisha, kama betri za redio yetu zinavyokwisha. Na kweli, Auntie alikuwa ameanza kunenepa kidogo. Alikuwa akienda hospitali kila mwezi na kurudi na tembe kwenye kopo, akirudi sokoni, akiimba tena. Nilingoja tu mtu mkubwa agundue kwamba hakuna hatari tena.

Jumapili moja mvua ilinyesha tangu alfajiri, ile ya ziwani inayokuja imelala. Waliofika walikuwa wachache, nasi watoto tukaruhusiwa kuketi pamoja, kwenye benchi la pembeni. Sinia lilipozungushwa vioo vilijaa, safu nzima hazijaguswa. Na bado pale konani palikuwa na plastiki. Mzee Barnaba aliligeuza sinia kama kawaida yake. Auntie hakunyoosha mkono.

"Mzee," alisema, na ile sauti yake ya chini ilisikika mpaka mlangoni, "leo vioo iko mingi."

"Hiyo ndiyo yako, mama. Chukua tu."

"Nimeuliza kwa sababu nataka kujua. Nikimaliza, hii yangu inaenda wapi?"

"Inaoshwa kama zingine."

Alisema uongo huo akiwa ameshika damu ya Bwana mikononi, na uso wake haukubadilika. Nami nikaona ametatizika, mzee wa watu, amesahau. Nikasimama kumsaidia.

"Hapana, Mzee, huwa unatupa kwa shimo," nilisema. "Mimi huokota. Lakini hata hakuna haja siku hizi, Auntie stima ilimwisha. Mimi hulala na yeye na sijawahi kushtuliwa."

"Stima gani?" aliuliza Mzee Barnaba.

"Ya ile waya alikanyaga."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kicheko kifupi kilichomponyoka. Nilimtazama Auntie nikitarajia anishukuru. Alikuwa amefumba macho.

Mama Sheryl alinijia akiwa bado na tabasamu lake la kuombea watu. "Achi, hizo vikombe unaokota, unafanyia nini?"

"Tunachezea. Mimi na Sheryl. Tunanywea uji ya uongo."

Tabasamu liliondoka. Alimkamata Sheryl mkono, akamvuta kutoka kando yangu, akatoa hanchifu kwenye mkoba na kuanza kumpangusa mdomo. Alipangusa kwa nguvu, nje na ndani ya midomo, mpaka mtoto akalia. Kisha akanitazama mimi. Nimeshatazamwa vibaya na watu wengi tangu siku ile, lakini hakuna aliyenitazama vile, kama mtu aliyeona funza kwenye nyama. "Usiwahi karibia huyu tena," alimwambia Sheryl. "Wanalala kitanda moja. Pengine hata yeye ako nayo."

Mzee Barnaba aliurudisha nyuma mguu wake uliokuwa karibu na wangu. Nilimwona, na nikayatazama magoti yangu kuona kama yana kitu.

Auntie Rispa alikuwa ameinyamazia plastiki ile miezi yote. Baadaye alituambia alijua tangu siku ya kwanza, kwamba si mjinga, ila alikuwa anataka kufa akiwa na mahali pa kuzikwa na watu wa kumwimbia, na akaona kikombe cha plastiki si bei kubwa. Sasa alisimama. Alikichukua kile kikombe kikiwa kimejaa, akakiweka katikati ya vioo.

"Mimi mnitupe," alisema. "Mtoto hapana."

Alinishika mkono tukatoka. Mama alitukuta mlangoni, amekwisha kuvua viatu. Tulipofika barabarani nilisikia nyayo nyuma yetu kwenye maji. Ni Mwalimu Dorka, mwanamke mzee aliyetufundisha shule ya Jumapili, Biblia akiwa ameificha chini ya sweta, na nyuma yake wanawake wanne watano wa mabenchi ya nyuma. Tulitembea hivyo mpaka Nyalenda.

Jumapili iliyofuata tulisali kwenye banda la mabati ambamo akina mama waliweka magunia ya omena. Palinuka kweli, sitatia chumvi. Divai hatukuwa nayo, tulikuwa na maji ya ukwaju. Mama alileta kikombe cha bati cha uji, kimebanduka rangi ukingoni. Mwalimu Dorka alisoma neno, akampa Auntie anywe kwanza. Kisha akakipokea, akaweka mdomo wake palepale mdomo wa Auntie ulipokuwa, akanywa, akakipitisha. Mwanamume mmoja mgeni alipofikiwa alitoa kitambaa. Mwalimu Dorka akamwambia bila ukali, "Hapa hatupangusi." Ikawa ndiyo sheria yetu. Sijui kama tulikuwa na nyingine.

Mjini tuliitwa Kanisa la Mate. Walidhani ni tusi. Walikuja waliotemwa kwingine: mama mpika pombe ya chang'aa, mjane aliyekataa kurithiwa, kinyozi kijana aliyefukuzwa na baba yake kwa kumpenda mwanamume mwenzake. Hilo la kinyozi niliambiwa nilipokua. Wakati ule nilijua tu kwamba hakuna aliyeimba sauti ya pili kama yeye. Mtu akilazwa tulipeleka uji. Mtu akifungiwa nyumba tulikwenda wote. Tulikwenda mpaka Usenge, kanisa zima, tukaketi kwenye uwanja wa ofisi ya chifu tukiimba, nzi wa omena wakitutembelea usoni. Chifu alitoka kuuliza tunataka nini. Mwalimu Dorka akamjibu, "Sisi ni kanisa, Bwana Chifu. Tuko kwa ibada. Itaisha kufuli ya Rispa ikifunguliwa." Kufikia jioni shemeji alikuja na ufunguo, amenuna.

Usiku tuliolala katika nyumba hiyo ndipo Auntie aliponieleza maana ya waya. Alinionyesha tembe zake, akavitaja virusi vya ukimwi kwa jina, akaniambia mate hayaambukizi wala kulala kitanda kimoja. Alipofika kwenye ile stima yangu alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakirudia kile kikombe kichwani, vile vidole viwili, ile kona ya sinia, na jinsi nilivyokuwa nikimpenda yule mzee. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya nyumba. Auntie alinipangusa kwa mkono wake mtupu.

Mwaka huu kanisa la mawe lilimaliza kubadilisha paa, na wakaalika makanisa jirani, hata la Mate. Sikutaka kwenda. Auntie Rispa, ambaye sasa ni bibi mwenye mvi na mashua mbili Usenge, alivaa gauni lake la bluu na kusema chai ya bure haikataliwi. Juu ya lango walikuwa wametundika bango: KARIBUNI WOTE. Kile kikombe cha fedha bado kiko kabatini, kimekuwa cheusi.

Mzee Barnaba amezeeka, anatembea kwa fimbo, lakini hanchifu bado imepigwa pasi. Alipewa nafasi ya kusema machache. Akatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwa muda mrefu, kisha akanionyesha kwa fimbo. "Huyu binti," alisema, "alikuwa anafikiria aunt yake ameshtuliwa na stima. Ati stima imemwisha!" Umati ukacheka. Akacheka na yeye mpaka akapangusa macho. "Siku hizo tulikuwa hatujui," alimalizia, na watu wakaitikia amina. Jambo walilomfanyia mtu limegeuka kichekesho cha kufungulia paa, na tena kichekesho chenyewe ni mimi. Hawajui? Mwalimu Dorka alijua, na alikuwa mwalimu wa watoto.

Wakati wa chai Mzee Barnaba aliletwa kwenye meza yetu. Alimpa Auntie mkono, wakasalimiana kirefu, watu wakipiga picha. Wapiga picha walipogeuka, alitoa mfukoni kichupa cha dawa ya mikono, akajimiminia chini ya meza na kusugua, kidole kwa kidole. Nilimwona. Nilimtazama Auntie nikitumaini hakuona.

Auntie alikuwa akimtabasamia. Alinyoosha mkono, akachukua kikombe cha Mzee Barnaba kilichokuwa kimemiminiwa chai sasa hivi, akanywa funda moja kubwa, akakirudisha mbele yake taratibu, ukingo aliounywea ukimwelekea.

"Kunywa, Mzee," alisema. "Sisi hatupangusi."

Mzee Barnaba alisema anangoja ipoe. Tulikula mandazi yetu, tukaagana na watu, Auntie akasalimia kila aliyetaka kusalimiwa. Tulipoinuka kuondoka Mzee alikuwa bado ameketi, mikono yote miwili chini ya meza. Ilikuwa chai ya maziwa. Ilikuwa imeota utando.